Kinyozi, Mrija na Fulana Inayosimama Yenyewe

Saa moja asubuhi, duka la kinyozi bado halijafunguliwa lote. Nyuma ya pazia la kijani, mwanaume aliyevuka miaka hamsini ameketi juu ya kigoda, mkono wake wa kushoto ameuinua usawa wa kichwa kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kuzungumza. Mkononi ameshika bomba kubwa la sindano lisilo na sindano. Ndani yake uji mwepesi unashuka polepole, unaingia katika mrija mwembamba, unapita chini ya fulana yake na kupotelea tumboni.

"Uji wa leo mtamu sana!" anapaza sauti kuelekea dirisha dogo lililo ukutani.

"Umejuaje?" sauti ya mwanamke inauliza kutoka upande wa pili.

"Tumbo limeniambia."

"Liambie liache uongo. Leo nimesahau sukari."

Kinyozi anacheka bila sauti, anasukuma maji safi kidogo ili kuusafisha mrija, anaufunga kwa kibanio chake, kisha anavuta pazia. Siku ya kazi imeanza.

Mtaa mzima unamwita Taratibu. Jina hilo alilipata miaka mingi kabla ya mrija, kutokana na mwendo wake wa kunyoa. Wapo wateja wanaodai kwamba akimaliza kisogo, utosi huwa umekwisha kuota tena. Yeye hakasiriki. Anasema kichwa cha mtu si shamba la kufyeka.

Upande wa pili wa ukuta ni chumba cha kufulia nguo cha mkewe, dobi anayejulikana kwa jina la Mama Pasi. Ana pasi tatu za mkaa, kamba za kuanikia nje, na kilemba kisichomtoka kichwani, ambacho mwenyewe husema ni kinga ya vumbi la mkaa. Walipopanga vyumba hivyo viwili, walitoboa dirisha dogo kati yake ili kupitishiana maji ya moto. Leo dirisha hilo hupitisha maji, chenji, uji wa asubuhi, lawama na habari za majirani. Halina pazia, na kwa hiyo halina siri.

Mrija ulikuja miaka mitatu iliyopita. Uvimbe ulikuwa umeota kooni mwa Taratibu. Ukakatwa, ukatibiwa, naye akapona. Lakini koo lilibaki jembamba na kusahau kazi yake. Chakula kilikwama, na maji yalipita njia ya pumzi. Madaktari wakamtoboa tundu dogo juu ya kitovu na kumwekea mrija wa kulishia.

"Daktari aliniambia, 'Sasa utakuwa unakula kwa tumbo,'" anakumbuka. "Nikamuuliza, kwani wenzangu wanakula kwa goti?"

Mrija wenyewe aliuzoea upesi. Alijifunza kuchuja uji vizuri, kuketi wima anapokula, na kunyoosha kiuno taratibu, jambo ambalo kwake halikuhitaji mafunzo. Alizoea hata kunywa chai na wateja wake, wao kwa vikombe, yeye kwa bomba, huku wakilalamikia majani na yeye akiwakubalia kwa adabu tu.

Kilichokataa kuzoea ni ngozi.

"Mrija hauna shida na mtu," anasema. "Umekaa pale kama mgeni mwenye adabu. Mwenye makelele ni mwenye nyumba."

Ngozi hiyo ilianza vituko tangu utoto. Sweta la shule lilimtoa vipele shingo nzima. Saa aliyopewa siku ya harusi yake imelala kabatini hadi leo, kwa sababu kila alipoivaa mkono uliwaka. Sabuni yoyote yenye manukato humfanya akune mpaka usingizi uishe. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kutobolewa tumbo na kuambiwa abandike plasta kila siku.

Plasta ilikuja na balaa mbili. Ya kwanza ni kwamba roli moja lilimgharimu bei ya vichwa vinne, "tena vya watu wazima, si vya watoto." Ya pili ni kwamba kila ilipobanduliwa iliondoka na malaika, vile vinyweleo laini vya tumboni, na ngozi kidogo ya kusindikiza.

Hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Kama ni nywele zinazovutwa, alijiambia, basi dawa yake ni kuzinyoa, na mtaa huu una mnyoaji gani kumzidi yeye? Asubuhi moja alimpaka povu mteja wake wa siku nyingi, mwalimu mstaafu, na wakati povu likilainisha ndevu akaingia nyuma ya pazia na wembe mpya. Alijinyoa tumbo kwa ustadi mkubwa, mviringo safi kama sahani, bila tone la damu.

Kisha mkono, kwa mazoea ya miaka, ukafanya kile ufanyacho kila baada ya kunyoa. Ukachukua chupa ya spiriti, ukajimiminia kiganjani, ukapiga kofi.

"Kwa ukelele ule nilidhani nimekatwa mimi," anasimulia mwalimu mstaafu, ambaye hadi sasa hunyolewa akiwa amefumbua macho yote mawili. "Nilishika sikio la kwanza, lipo. Nikashika la pili, lipo. Ndipo nikamwona mwenyewe anatoka nyuma ya pazia kwa kurukaruka, fulana ameiuma kwa meno, akanyakua kitambulisho changu mezani na kujipepea nacho tumbo."

"Mmeua mtu huko?" Mama Pasi aliuliza dirishani.

"Hapana, mama," mwalimu alimjibu. "Mumeo anajinyoa."

Baada ya siku mbili mviringo ule safi ulijaa vipele vya wembe. Taratibu akaapa kuachana na plasta kabisa. Aliuacha mrija uning'inie huru chini ya fulana, uamuzi uliokuwa wa nafuu kwa ngozi lakini wa hatari kwa kibanio, maana kilikuwa kikifunguka kila alipoinama.

Siku moja kilipofunguka, alikuwa amemwinamia dereva wa lori aliyelala kitini amefumba macho, shingo imekaa tayari kwa wembe. Uji wa saa nne ulianza kurudi, tone baada ya tone, ukitua juu ya koo la dereva.

"Kaka, umeleta krimu mpya?" dereva aliuliza bila kufumbua macho.

Taratibu aliuminya mrija kwa vidole, akafikiri. "Ndiyo."

"Ina uvuguvugu mzuri."

"Inalainisha."

"Nasikia kama inanukia maziwa."

"Ni ya asili."

"Basi na mashavuni nipake," dereva akasema, akajinyoosha vizuri. Tangu siku hiyo, kila aendapo kunyolewa huulizia krimu ile, na kila mara huambiwa imekwisha, mzigo haujaingia. Mama Pasi, aliyesikia yote kupitia dirisha lao, huongeza kwamba yeye anamjua anayeitengeneza na kwamba hajawahi kulipwa.

Lakini tumbo lilikuwa halicheki. Uji na maji ya tumboni vilivyokuwa vikivuja viliilowesha ngozi iliyokwisha kuchubuka, nayo ikawa nyekundu, yenye majimaji, na yenye kuwasha kiasi kwamba Taratibu alilazimika kusimama katikati ya kichwa cha mtu na kuhesabu pumzi. Nywele za wateja ziliingia kolani na kuteremka hadi huko.

Katika kliniki ya majeraha, muuguzi anayelingana na binti yake kwa umri aliipandisha fulana na kuinama kutazama.

"Baba," alisema, "umepigana na kuku?"

Akampa maelekezo ambayo Taratibu anayakariri hadi leo kama shairi la shule. Asitie spiriti. Asipitishe wembe. Asibandike plasta ya kunata. Asafishe kwa maji ya vuguvugu, akaushe kwa kugusa si kwa kusugua, apake tabaka jepesi la dawa ya kukinga unyevu, na avae kitu laini. Kibanio kibovu kikabadilishwa hapohapo. Kisha likafuata neno ambalo halikuwa na mzaha.

"Ukirudi kliniki ijayo ngozi ikiwa hivi, tutautoa mrija huu ili tundu lipumzike. Tutakuwekea wa puani, tuubandike shavuni, na utakaa nyumbani mbali na nywele za watu mpaka upone."

Kwa mtu mwingine hiyo ni tiba. Kwa kinyozi ni hukumu. Ng'ambo ya barabara, kijana mmoja alikuwa amefungua duka la kunyolea lenye muziki, taa za rangi na kiti kinachozunguka. Taratibu huhudumia wateja sita hadi kumi kwa siku, na wengi wao wamebaki kwake kwa mazoea tu.

"Mteja wa nywele akishavuka barabara harudi," anasema. "Kichwa huuzoea mkono. Na hata nikirudi kazini na mrija puani, nani atampa shavu lake kinyozi mwenye plasta shavuni? Watasema nimejikata mwenyewe."

Alitii kila alichoambiwa. Aliosha, alikausha, alipaka. Alifunga kola ya koti lake jeupe la kazi kwa kitambaa ili nywele zisipenye. Uvujaji ulikoma na vipele vya wembe vikaondoka. Hata hivyo wekundu mmoja ulibaki, nao ulikuwa wa ajabu: haukuzunguka tundu, bali ulipita juu yake kama mstari, mnyoofu kabisa.

Duka likageuka baraza la uchunguzi. Dereva wa lori alisema ni dawa iliyokwisha muda wake. Muuza mboga wa kona alisema ni kukaa sana kwenye kigoda. Mama mkwe alituma marhamu ya mizizi kwenye kopo, yenye harufu kali hata nzi hawakuthubutu kutua. Taratibu alimshukuru na kuitumia kulainishia bawaba za mlango. Mwalimu mstaafu peke yake ndiye aliyeinama akautazama ule mstari kwa makini.

"Ugonjwa hautumii rula," alisema. "Hapa pana mkono wa mtu."

Hakuna aliyeitazama fulana. Na ni vigumu kueleza jinsi hilo lilivyowezekana, kwa kuwa fulana za Taratibu zilikuwa zikionekana kutoka mbali. Fahari ya Mama Pasi ni wanga, ule uji mzito ambao madobi huchovyea nguo ili zinyooke. Shati lililotoka mikononi mwake linaweza kukaa mezani bila mtu ndani yake. Fulana za mumewe alizitilia wanga maradufu na kuzisuuza kwa maji yenye manukato, kisha akazikunja katikati na kuzipiga pasi mpaka pindo la mkunjo huo likawa na makali. Fulana hizo ukiziegemeza ukutani husimama zenyewe. Mteja mmoja mwenye macho mabovu aliwahi kuingia dukani, akaiamkia mojawapo, na kununa kwa kutoitikiwa.

Ukweli ulijitokeza Mama Pasi aliposafiri kwenda kumwangalia binti yao aliyekuwa amejifungua. Alimwachia mumewe rundo la fulana zilizonyooshwa. Alikawia, rundo likaisha, na Taratibu akalazimika kufua mwenyewe kwa kipande cha sabuni ya mche. Alizikamua, akazitundika, akazivaa kama zilivyokauka.

"Kaka, hiyo fulana umeitoa mdomoni mwa ng'ombe?" dereva alimuuliza.

Ikaja siku Taratibu akagundua kwamba amenyoa vichwa vitatu mfululizo bila kusimama ili kujizuia kujikuna. Akasogea kwenye kioo cha wateja, akaipandisha fulana. Mstari ulikuwa umefifia. Ngozi ilikuwa kavu.

Muuza mboga alikuwa akipita mlangoni. "We Taratibu! Mchana kweupe! Hata haya huoni?"

"Njoo uone, mama, imekauka!"

"Sitaki kuona kitu mimi!"

Furaha ilidumu mpaka Mama Pasi aliporejea. Kabla hata ya kuvua viatu, aliinua fulana ya mumewe kwa vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Fulana."

"Nimekuuliza ni nini. Sijakuuliza zamani ilikuwa nini."

Jioni hiyohiyo zote zililala katika beseni la wanga. Siku chache baadaye mstari ulirudi, mwekundu kuliko mwanzo, na sasa Taratibu alimjua mhalifu wake kwa jina, kwa sura na kwa nambari ya cheti cha ndoa.

Angemwambiaje? "Kumwambia dobi kwamba nguo zake zinawasha," anaeleza, "ni sawa na mtu aje hapa aniambie nimemkata sikio. Kazi ndiyo heshima yake. Mimi mwenyewe sijawahi kulalamikiwa. Hata yeye nilimpunguza nywele siku moja kabla ya harusi ya binti yetu, na hadi leo hajasema neno."

Basi akachagua ujanja. Alivua fulana akifika dukani na kubaki na koti tupu, lakini koti nalo lilikuwa na wanga. Alificha fulana ya zamani chini ya ile mpya. Mkewe akaikuta kwenye nguo chafu na kuigeuza tambara la kushikia pasi. Alijaribu kuzisuuza kwa siri katika beseni la kunyolea, na siku moja akamnyoa mwalimu kwa maji yenye wanga, mpaka mzee wa watu akarudi nyumbani na uso ulioshindwa kutabasamu. Huku nyuma siku ya kliniki ilikuwa inakaribia, na tumbo halikuwa na habari ya ujanja wowote.

Juma lenyewe la kliniki, dereva wa lori alikuwa kitini. Mashine ya kunyolea ya Taratibu ni ya zamani na hunguruma kama kinu cha kusagia, hivyo mazungumzo yote ya duka hilo hufanyika kwa kupiga kelele. Ng'ambo, muziki wa kijana ulikuwa umefunguliwa hadi mwisho. Palikuwa na usalama wa kutosha wa kutoa siri.

"Sasa tatizo nini hasa?" dereva alipiga kelele.

"Nimeshalijua!" Taratibu akapiga kelele vilevile. "Wanga anaotia mke wangu kwenye fulana…"

Umeme ukakatika.

Mashine ilinyamaza. Muziki wa ng'ambo ulinyamaza. Feni ya kinyozi ilinyamaza. Kitu pekee ambacho hakikunyamaza ni mdomo wa Taratibu, ambao ulikuwa tayari kwenye mteremko.

"…NDIO UNAONILA NGOZI, NA KUMWAMBIA NAOGOPA KULIKO KUPASULIWA!"

Kimya kilichofuata, kwa maelezo ya dereva, kilikuwa na uzito wa tani saba. Upande wa pili wa dirisha, pasi iliwekwa chini. Kijana wa ng'ambo alitoka mlangoni kwake kutazama.

Dereva alijivua shuka la kunyolea mwenyewe, kwa heshima. "Kaka," akanong'ona, "mimi nashukia hapa." Akaondoka akiwa amenyolewa upande mmoja, na kwa siku nne aliendesha lori akiwa na kofia.

Mama Pasi alimaliza nguo za watu, akafunga hesabu za siku, akazima mkaa. Jioni mkono wake ulipenya dirishani ukiwa na fulana: haikuwa na wanga, haikupigwa pasi, imekunjamana kama karatasi iliyotupwa.

"Vaa," alisema.

Siku ya kliniki Mama Pasi hakuombwa kwenda, lakini alikwenda. Alivaa gauni lake zuri, akambebea mumewe mfuko wa bomba la uji, na wakaketi kwenye benchi la kusubiri. Zamu yao ilipofika, aliingia wa kwanza.

"Shikamoo, mama," muuguzi alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye dobi." Akatoa fulana moja iliyotiwa wanga, akaisimamisha juu ya meza. Ikasimama. "Niambie wewe, maana huyu mimi huniambia kwa kutangazia mtaa."

Muuguzi aliipitisha fulana ile juu ya ngozi ya mkono wake mwenyewe, akainusa, kisha akalilinganisha pindo lake na ule mstari wa tumboni. Vilikutana kama kifuniko na sufuria.

"Mama," alisema kwa upole, "hii ni nguo nzuri kuliko zote zilizowahi kuingia humu. Lakini ngozi ya baba haitaki nguo nzuri. Inataka nguo nyonge. Wanga unasugua, manukato yanawasha, na pindo linakaa palepale kila siku."

Mama Pasi aliikunja fulana taratibu, kona kwa kona, mpaka ikawa ndogo.

"Alipotoka hospitali alikuwa anapungua," alisema. "Mabega yalishuka. Watu wakawa wanamwangalia ile namna ya kumwangalia mgonjwa. Nikasema, nikitia wanga wa kutosha, hata yeye akichoka kusimama, fulana itamsimamisha."

Muuguzi aligeukia kabati kutafuta kitu ambacho hakukitaja. Taratibu aliinua uso juu.

"Nilikuwa naangalia feni," anaeleza sasa. "Haikuwa inazunguka, lakini niliiangalia."

Mrija haukutolewa siku hiyo. Muuguzi aliwapa nafasi moja zaidi, hadi miadi iliyofuata, kwa sharti la fulana zilizosuuzwa kwa maji matupu. Waliporudi, alikagua, akakagua tena, akasema, "Baba, sasa hiki ni kitovu na jirani yake, basi." Taratibu alibaki kitini pake, yaani nyuma ya kiti cha wateja, na plasta ya shavuni ikabaki kuwa hadithi.

Kilichobadilika ni upande wa pili wa dirisha. Mama Pasi alichukua mashuka yao ya pamba ya zamani, akayafua na kuyasuuza mara nyingi mpaka yakawa laini kama sikio la mtoto, akayachana vipande vidogo na kuvikata mpasuko katikati, vya kuvisha kuzunguka mrija. Kila asubuhi kipande kimoja safi hupita dirishani pamoja na uji. Kimepigwa pasi, kwa kuwa kuna mambo ambayo dobi hawezi kuyavumilia, lakini hakina wanga.

Habari zilifika kwenye benchi la kliniki. Sasa wapo wagonjwa kadhaa wenye mirija na mifuko ya haja ya tumboni wanaomletea fulana zao. Amezitengea beseni la peke yake. Kuhusu mahali pa kuzianika, haoni fahari.

"Nazitundika nyuma," anasema, huku akishusha sauti. "Nguo legelege kama hizi, mteja mpya akiziona mbele atadhani sijui kazi."

Dereva wa lori alirudi kumaliziwa upande wake wa pili na akadai alipe nusu. Mwalimu mstaafu anaendelea kumkumbusha kila mtu kwamba yeye ndiye aliyetaja rula. Kijana wa ng'ambo, siku moja duka lake likiwa tupu, alivuka barabara mwenyewe kuja kunyolewa, akisema anataka kujua mkono wenye utulivu unavyokuwa. Alitumia asubuhi nzima kuujua.

Na sasa lipo jambo jipya. Daktari wa koo amemwambia Taratibu kwamba njia imeanza kufunguka. Baada ya wiki chache watajaribu kijiko kimoja cha maji, chini ya uangalizi. Maji yakipita salama, watajaribu vingine. Mrija utabaki kwa muda, huenda muda mrefu. Lakini huenda, kwa mara ya kwanza tangu aupate, akaonja kitu.

"Sitaki makubwa," anasema, akipangusa kiti kwa brashi. "Nataka uji. Miaka mitatu nausifia uji nisioujua. Nataka siku moja niuonje, nimwambie mke wangu ukweli kutoka mdomoni."

Upande wa pili, pasi inasimama.

"Ukweli gani?"

Mashine imezimwa. Muziki wa ng'ambo haujaanza. Taratibu anaangalia huku na huku, kisha anajikaza.

"Wote," anasema. "Mtamu nitasema mtamu. Mbaya nitasema mbaya. Tangu ile siku ya umeme, mimi na wewe hatufichani tena."

Uso wa Mama Pasi unatokea dirishani, umetulia, kilemba kimefungwa vizuri hadi juu ya nyusi.

"Hapo umenena, mume wangu. Basi na mimi nina langu, kuhusu zile nywele ulizonipunguza kabla ya harusi ya binti yetu." Anakigusa kilemba kwa kidole kimoja. "Hivi wewe unaamini kweli hiki ni kwa ajili ya vumbi la mkaa?"

Kinyozi anamtazama mkewe kwenye kioo. Kisha anaiwasha mashine yake ya kunyolea na kuiacha ingurume, ingawa kitini hakuna mteja.